Mfuko wa Udongo Juu ya Kabati

Samaki wangu wa mwisho alikufa kiangazi kilipokuwa kimekolea, na sikumlilia, kwa sababu wao hufa hivyo. Wanazaliwa mvua zinapoanza, wanakua mbio mbio, wanavaa rangi zao, wanataga mayai matopeni, na dimbwi linapokauka wanakwenda nalo. Kinachobaki ni mayai ndani ya udongo. Yanalala kiangazi kizima, na mvua ikirudi yanapasuka. Kwa hiyo nilimtoa yule dume wa mwisho, mwekundu mwenye ukingo wa buluu mkiani, nikamzika chini ya mpapai nyuma ya nyumba, kisha nikarudi kwenye cherehani kumalizia sketi ya mteja aliyekuwa amekwisha kunung'unika mara mbili. Mayai yalikuwa juu ya kabati, ndani ya mfuko. Nilikuwa na amani kabisa.

Naishi Kapata, nje kidogo ya Kolwezi, katika nyumba ambayo kampuni ilimpa baba yangu alipokuwa mfanyakazi wake. Nyumba zetu zimepangwa mistari, zote sura moja, kiasi kwamba mlevi akikosea mlango hana kosa. Babu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, baba akafuata kazi hiyohiyo, na kazi ilipokwisha tukabaki na nyumba na bustani ya mihogo kando ya barabara ya Mutshatsha. Siku za Jumamosi baba alinipandisha nyuma ya baiskeli tukaenda kulima. Nilikuwa mtoto wa kwanza na, nasema bila aibu, nilikuwa kipenzi chake.

Karibu na bustani hiyo palikuwa na bonde dogo. Wakati wa kiangazi tulikatisha katikati yake, udongo mweusi umepasuka vipande vipande, vumbi linapanda hadi magotini. Mvua zikianza lilijaa maji. Mwaka mmoja baba aliniita, akachovya kichungi cha unga cha mama, ambacho mama hakujua kimesafiri, akakiinua. Ndani walikuwa wanarukaruka samaki wadogo kama kidole changu, madume mekundu na buluu, majike rangi ya majivu. Hakuna mto karibu na pale, wala kijito. Nikamwuliza wametoka wapi. Akasema, "Balikuwaka hapahapa. Tulikuwa tunabatembelea yulu." Tulikuwa tukitembea juu yao. Nilidhani ananitania. Kwa kuwa hatukuwajua jina, yeye aliwaita samaki wa mvula, na mimi nimeendelea kuwaita hivyo.

Mdogo wangu wa mwisho hakuyaona hayo. Alipofikia umri wa kupanda baiskeli, baba alikuwa anakohoa, haendi tena bustanini, anakaa mlangoni na kanzu ya usingizi mchana kutwa. Baba alikufa mdogo wangu akiwa bado anabebwa mgongoni mwangu anapochoka. Huyo mdogo wangu ninayemsema sasa ni mwanamume mzima mwenye ndevu, mchimbaji, mmoja wa hao vijana wanaoteremka mashimoni kutafuta shaba na kobalti, na akirudi Kapata analala kwangu kwa sababu hana mke wa kumvumilia.

Miaka mingi sikuwafikiria samaki wale. Halafu siku moja, nikitafuta mitindo ya magauni kwenye simu, nikaona picha ya samaki wa mvula wa baba ndani ya sanduku la kioo nyumbani kwa mtu wa Ulaya. Kumbe kuna watu duniani wanaowafuga, wanajua ndoa zao na magonjwa yao, na wako tayari kumfundisha mshona nguo wa Kapata ikiwa atauliza vizuri. Nikauliza vizuri. Nikamwendea fundi wa vioo, akanitengenezea sanduku kutokana na madirisha yaliyovunjika, likavuja, nikamrudia, likavuja tena, nikamwambia maneno ambayo kanisani kwetu hayaruhusiwi, likaacha kuvuja. Mvua zilipoanza nikaenda bondeni na kichungi changu mwenyewe.

Majirani walinisema, usipime. Wengine walisema nimeweka Mami Wata, jini la majini, sebuleni ili nipate wateja. Kama ningekuwa na Mami Wata ningeshona kwa cherehani inayokatika mkanda kila wiki? Wengine walilalamikia beseni langu la viluwiluwi vya mbu, maana samaki hao wanataka chakula kinachocheza, na viluwiluwi vya mbu kwao ni sikukuu. Muuguzi wa mtaa alikuja kunisomea somo la malaria huku akiinama kuangalia sanduku. Alikaa muda mrefu kuliko somo lenyewe. Wateja pia walikaa. Mwanamke akija kupimwa kiuno alisahau hata kubishana bei.

Ndani ya sanduku niliweka bakuli la udongo laini. Dume alimzunguka jike, akamfunika kwa pezi lake, wakatumbukia pamoja udongoni wakitetemeka, na kila mtetemo ni yai. Baada ya wiki kadhaa ninautoa udongo, naukamua polepole kwenye kitambaa, nauacha upoteze maji mpaka uwe na unyevu wa tumbaku mpya. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu: ukikauka sana mayai yanakufa, ukilowa sana yanaoza. Kisha naufunga kwenye mfuko wa plastiki, naandika juu yake mahali samaki walikotoka na mwezi, naweka gizani. Kuandika mahali ni sheria kwa wafugaji wote, kwa sababu samaki wa bonde hili si samaki wa bonde lile, na ukiwachanganya umewapoteza. Wataalamu wa kwenye simu walinishauri nigawe mayai mifuko mingi. Nilicheka. Mifuko mingi ya udongo ndani ya nyumba ya Kolwezi! Watu wangesema nimefungua depo ya kununulia madini.

Nilifanya hivyo kwa misimu kadhaa. Kila mara nikimwaga maji ya mvua juu ya ule udongo mkavu, nilikaa kama binti anayesubiri majibu ya mtihani. Na kila mara, baada ya saa chache, niliona vijiti vidogo vyenye macho vinapanda na kushuka majini. Nilikuwa nasema kwa sauti, peke yangu, "Tata, njo hawa." Baba, ndio hawa.

Mdogo wangu hakuwahi kuwapo. Samaki wanapoanguliwa yeye huwa mashimoni, anawahi kabla mvua hazijawa kubwa na ukuta wa shimo haujalegea. Anaporudi anakuta samaki wazima tayari, na anafikiri nimewanunua.

"Samaki inatoka mu vumbi?" aliniambia, akiniita yaya, yaani dada mkubwa, kama kawaida yake. "Yaya, unanichekesha. Na ile samaki yenyewe haiwezi hata kujaza kijiko."

"Utaona. Kuko siku utakuwa hapa, utaona na macho yako."

"Bon. Siku ile nitakula ile vumbi na sahani yake."

Nilitaka aone. Sijui kama nimeeleza vya kutosha jinsi nilivyotaka. Kila kitu cha baba yangu mimi nilikipata: baiskeli, bustani, nyimbo za Kiluba cha Kasai alizokuwa akiimba akipalilia. Mtoto huyu alipata kikohozi na kanzu ya usingizi. Nilikuwa nimejiwekea kichwani kwamba akiona samaki wanatoka katika udongo mkavu, atakuwa amempata baba kidogo, yule baba wa bondeni. Labda ni upuuzi. Lakini kwangu haukuwa upuuzi.

Kisha barabara ya Mutshatsha ikapanuliwa. Malori yalikuja na mawe na mabaki ya migodi, yakamwaga bondeni, mashine ikashindilia, na nilipokwenda kuangalia nikakuta uwanja mweupe mgumu ambapo malori hayo yanageuzia. Nilisimama pale na kichungi mkononi. Dereva mmoja aliniuliza, "Mama, unatafuta nini?" Nikamwambia sitafuti kitu, nikarudi nyumbani. Tangu siku ile samaki wa bonde lile walikuwa wamebaki sebuleni kwangu tu, na walipokufa kwa zamu yao, kiangazi kile ninachokisema, walikuwa wamebaki kwenye mfuko.

Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, mdogo wangu alirudi mapema. Shimo lao lilikuwa limefungwa, wenzake wamesambaa, yeye akaja kukaa kwangu akingoja habari za mahali pengine. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika jioni. Nilihesabu kichwani: mvua ya kwanza kubwa, nitakinga maji bomba la paa likishasafika, nitaufungua mfuko, naye atakuwa ameketi hapo. Sikumwambia chochote. Alinikuta mara moja nimesimama juu ya kiti nikiuminya mfuko kwa vidole kujua kama bado una unyevu.

"Yaya, ile ni nini?"

"Usigusake ile. Utajua siku yake."

Akatabasamu. Nilidhani amekumbuka habari za samaki. Kumbe alikuwa ameona kitu kingine kabisa, na kwa kweli sijui mtu wa Kolwezi angewezaje kuona tofauti. Mfuko wa plastiki, umefungwa barabara. Udongo mweusi. Juu yake, kwa mkono wa dada yake mkubwa anayejulikana kwa siri zake: barabara ya Mutshatsha, na mwezi. Huko mashimoni ndivyo wanavyofunga sampuli za udongo kabla ya kuzipeleka kupimwa madini. Hakuna nyumba hapa ambayo haijawahi kuficha mfuko wa namna hiyo na ndoto zake.

Jumapili nilikwenda kanisani. Tulikuwa na maandalizi ya nyimbo za mavuno, nikachelewa. Niliporudi mdogo wangu alikuwa ameketi mlangoni, mahali pa baba, na uso wa mtu aliyetoka kwenye matanga. Akanipokea Biblia yangu, akanivutia kiti. Heshima hiyo yote ikanitia wasiwasi.

"Yaya, pole," akasema. "Nisikilize bila kukasirika. Ile bulongo yako, balipima. Haina kitu."

"Bulongo gani?"

"Ile ya pa yulu ya kabati. Nilijua unaifichaka sababu ya batu ya hapa. Nilitaka nikufanyie siprize. Kama ilikuwa na kobalti, ningetafuta bandugu, tungechimba mu shamba ya tata, na we ungeacha kushona. Macho yako inachoka, mi naona. Alors nikapeleka ku depo. Balipima mara mbili, niliomba bapime tena. Masini inasema hakuna kitu. Pole, yaya."

Alikuwa akinisubiri nivunjike moyo kwa ajili ya kobalti, na mkono wake ulikuwa tayari begani kwangu.

"Balikausha?" nikauliza.

"Yulu ya mbabula, sawa kawaida. Kisha bakatwanga."

Mbabula ni jiko la makaa. Sampuli mbichi hudanganya mashine, kwa hiyo wapimaji huoka udongo juu ya bati, huutwanga kwenye kinu mpaka uwe unga. Alitoa mfukoni mwa suruali kimfuko kidogo, akanipa. Walikuwa wamemrudishia uliobaki. Ulikuwa laini kama unga wa muhogo, na mkavu, na nilipoufungua ulinuka moshi.

Nikamwambia yalikuwa mayai. Nikamwambia ni samaki wa mvula, wale wa bonde la baba, na kwamba bonde halipo tena. Kwanza alicheka. "Yaya, hapana kunichezea," akasema. Kisha akaniangalia, akaacha kucheka. Sitaandika niliyomwambia baada ya hapo. Nina mdomo, kila mtu Kapata anajua, na siku ile wote waliusikia. Aliyapokea yote akiwa amesimama, mikono imening'inia, na nilipomaliza akasema tu, "Mi sikujua, yaya." Ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililonichoma zaidi: hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Kijana aliona macho yangu yanachoka.

Mvua ilinyesha wiki ileile, nzuri, ndefu, ya kunukia. Nilikinga maji. Niliutia ule unga ndani ya beseni jeupe nikaumwagia, na maji yakawa rangi ya chai, na yakabaki rangi ya chai. Kuna mayai ambayo hukataa maji ya kwanza, yanangoja ya pili, hata ya tatu. Ndivyo yanavyojikinga na mvua za uongo. Kwa hiyo niliukausha unga nikaulowesha tena. Nilijua ninachofanya ni sawa na kumwamsha maiti. Lakini nilifanya, na nikafanya tena.

Yeye alirudi mashimoni bila kuaga vizuri. Nilifikiri atakaa mbali mwaka mzima. Alirejea kabla ya hapo, na kabla ya kusalimia akaweka mezani, juu ya kitambaa cha mteja, mfuko wa plastiki uliofungwa barabara. Juu yake, kwa mwandiko wake mbaya, aliandika mahali na mwezi. Ulikuwa udongo mwekundu, wa chini kabisa ya shimo, mahali ambapo samaki hajawahi kufika hata ndotoni. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Nikamwambia, "Samaki haikalake mule, mudogo. Tafuta bulongo nyeusi, fasi ya chini, yenye majani ya kukauka."

Basi akaanza. Kila anakopita sasa analeta. Ameleta kutoka njia ya Kingamyambo, wanakoosha upya mabaki ya madini, udongo ambao nisingemwekea hata kuku. Ameleta kutoka kando ya reli. Wenzake mashimoni wanamcheka, wanamwita tata samaki, naye hajali. Amejifunza kutazama ardhi kwa jicho jingine; akipita mahali wakati wa kiangazi anaweza kukuonyesha maji yalikosimama. Nami naulowesha kila mfuko. Nimepata viluwiluwi vya chura, konokono, na wadudu wadogo wekundu wanaoogelea chali. Mara moja kitu kilitikisika, akaruka kutoka kwenye kiti akipiga kelele, "Yaya! Yaya!" Alikuwa mtoto wa kereng'ende. Nilipomwambia alikaa chini polepole, akasema ni muzuri pia.

Msimu huu alikuja kutoka Mutshatsha yenyewe, nyuma ya pikipiki, njia yote ile. Alifungua zipu ya koti akautoa mfuko kifuani.

"Sikuiweka ku jua," akasema. "Hata karibu na moto. Shofere alitaka nifunge nyuma na mizigo, nikakatala. Iko bulongo nyeusi. Majani ilikuwa ya kukauka pembeni. Yaya, hii njo yenyewe."

Ulikuwa udongo mzuri kweli. Ulikuwa na unyevu wa tumbaku mpya. Asubuhi, yeye akiwa anaoga, niliutandaza kidogo kwenye sahani karibu na dirisha, nikachukua ile lenzi ninayotungia uzi kwenye sindano. Yai la samaki wa mvula unaliona, ni kama chembe ya mchanga iliyong'aa, duara kabisa. Nilipekua sahani nzima. Nikapekua nyingine. Hapakuwa na hata moja. Niliposikia ndoo inagonga sakafu bafuni, niliurudisha udongo wote ndani ya mfuko, nikaufunga kama alivyoufunga yeye.

Alitoka na taulo shingoni, akavaa shati safi. Shati la Jumapili, siku ya Jumanne. Tukalibeba lile sanduku la vioo, sanduku la baba, maana mimi na yeye tumeanza kuliita hivyo ingawa baba hakuliona, tukaliweka kwenye mwanga. Nilimpa yeye mfuko aufungue na jagi la maji ya mvua amimine. Kwa mkono wake unaovunja mwamba alimimina polepole, kidogo kidogo. Udongo ulizama, ukapanda kidogo, ukazama tena.

"Banatoka saa gani?"

"Kama beko, banatoka leo. Mbele ya saa ya kula."

Akavuta kiti. Mimi nikarudi kwenye cherehani, nikashona pindo moja, nikalifumua, nikalishona upya. Kila nilipoinua macho nilimwona ameinama kama baba alivyokuwa akiinama juu ya kichungi, kichwa upande mmoja, midomo wazi kidogo, na hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha namna hiyo ya kuinama. Laiti baba angemwona. Ningetoa cherehani, ningetoa na nyumba, samaki mmoja tu apande katika maji yale mbele ya macho yake.

"Bado?" akauliza, bila kugeuka.

Niliinuka, nikaenda nikasimama nyuma yake, nikaangalia ndani muda mrefu kana kwamba sikuwa najua.

"Bado," nikamwambia.

"Bon," akasema, akasogea kitini kunipisha niketi. "Ikala, yaya. Tungoye."